Majani Niliyoyapika Bila Kuambiwa

Ninyi mtakaoshika ufunguo wa labo baada yangu, msitafute humu habari za vyeo. Sikupanda popote isipokuwa kwenye ngazi ya kufutia vumbi la kabati. Ninaandika nikiwa kwenye kiti changu, nyumbani, mahali ambapo mke wangu, Mama Régine, anasema kama ningezaliwa mti nisingeona tofauti.

Ni kweli. Wenzangu wa umri mmoja hapa Kolwezi waliingia migodini, wakahamia Fungurume, wakarudi na pikipiki na hadithi. Mimi Fungurume nimefika mara mbili, zote za msiba, na zote niliuliza saa ya kurudi kabla ya kusalimia wafiwa. Kazi yangu ilikuwa kutunza labo ya shule ya sekondari, mwendo wa dakika kumi na mbili toka mlangoni kwangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilipita njia hiyo moja, mpaka mbwa wa njiani wakachoka kunibwekea.

Kazi yenyewe ni kutayarisha vifaa kabla mwalimu hajaingia na kuviokoa baada ya wanafunzi kutoka. Waliniita Tata Labo, yaani baba wa labo. Waalimu walikuja na vyeti vya chuo kikuu. Mimi nilikuja na diploma ya sekondari na kitambaa.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Tata Ilunga, mzee aliyetunza labo kabla yangu, aliitazama kama mtu anayetazama panya mezani.

— Hii kamba iko ya kufunga nini, mutoto?

— Ni tai, Tata.

— Aa. Tosha. Itaingia mu asidi, na weye utaifuata.

Nikaivua. Akanipa ndoo. Asubuhi nzima niliosha mirija ya kioo. Aliipokea mmoja mmoja, akainusa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na uliokuwa na alama ya kidole akanirudishia bila neno. Nilirudishiwa yote. Siku ya pili nilirudishiwa nusu, nikaenda nyumbani kama mtu aliyeshinda vita.

Kwa Tata Ilunga hakuna kitu kilichoingia labo bila kuoshwa. Mwalimu mmoja aliyekuja na matope ya shambani viatuni aliachwa mlangoni na ndoo yake, na alikuwa mwalimu wa dini. Nilijifunza kwa mzee huyo mengi ambayo bado nayaamini: kuandika jina la dawa kwenye chupa kabla ya kuimimina, kukausha kioo kikiwa kimeinamishwa kichwa chini, kutomwambia mkuu wa shule kilichovunjika mpaka umejua kama kinaweza kugundishwa. Na nilijifunza moja la hatari, ambalo ndilo lililonifanya niandike: kusafisha kwanza, kuuliza baadaye.

Alipoondoka aliniachia mikroskopi mbili, moja ikiona vizuri na nyingine ikiona kwa huruma, na kipimajoto kimoja tu. Kipimajoto hicho nilikitunza ndani ya soksi ya sufu, na soksi ndani ya kopo, na kopo ndani ya kabati yenye kufuli. Mwaka mmoja tulileta vyura toka dembo, lile bonde la majimaji nyuma ya shule, ili wapasuliwe darasani. Walitoroka wote, na mmoja akapatikana ndani ya kofia ya mkuu wa shule wa wakati ule. Chura huyo hakupasuliwa. Tuliona amekwisha fanya kazi yake.

Kisha ikafika miaka ambayo labo ilikuwa safi kupita kiasi, kwa sababu hakuna aliyeitumia. Maji ya bomba yalikatika. Dawa ziliisha. Waalimu wakazoea kuchora mikroskopi ubaoni wakati mikroskopi yenyewe iko hatua tatu nyuma yao, imevalishwa mfuko. Nisiwadanganye, nilifurahi. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichomwagika. Nilikuwa hodari wa kulinda vitu dhidi ya watoto ambao vitu hivyo vilinunuliwa kwa ajili yao.

Hali hiyo ndiyo karibu ituue. Mwaka mmoja kabla sijastaafu, mkuu wetu wa shule, ambaye sote tunamwita Prefe, alituita, mimi na Madame Ngoie, mwalimu kijana wa biolojia aliyekuwa ametoka Lubumbashi. Alisema inspekta atapita kabla ya mitihani. Labo isipoonyesha kazi hata moja ya mikono, sehemu ya biolojia na kemia itafungwa, wanafunzi wake watapelekwa shule ya upande mwingine wa mji, na chumba changu kitakuwa cha mikutano. Mimi nilifikiria kabati zangu. Madame alifikiria wanafunzi.

— Batoto wengine hawatafika kule, Prefe. Iko mbali. Mabinti njo bataacha kwanza.

— Basi fanya kitu, Madame. Kitu chenye kuonekana.

Likizo fupi ikafika, Madame akaenda kwao, akarudi kwa basi amepakata chupa mbili zilizozibwa kwa pamba kama anapakata mapacha. Ndani mlikuwa na punje za mtama zilizofungwa na nyuzi nyeupe.

— Ni dawa, Madame?

— Ni mbegu ya bowa, Tata Labo.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Bowa ni uyoga, na kwetu uyoga haupandwi. Mvua za kwanza zikinyesha mama zetu wanaingia porini na vikapu, wanaokota, wanarudi. Aliyepanda ni Mungu na hajapata kuomba mbegu Lubumbashi.

— Bowa iote mu labo? Juu ya meza yangu?

— Juu ya majani makavu, Tata. Na utanisaidia.

Kazi ilikuwa hivi, nawaeleza ili msiulize. Nyasi kavu, zile za kuezekea, zinakatwa vipande vya urefu wa kidole. Zinalowekwa. Kisha zinapashwa moto ndani ya maji kwa saa moja, yasichemke, yawe tu ya kuunguza mkono. Hapo ndipo kipimajoto changu kilipotoka kwenye soksi baada ya miaka. Zinachujwa mpaka ukizikamua ngumini zitoe tone moja au mawili. Mikono inafutwa kwa spiriti. Halafu unapanga kwenye mfuko wa plastiki: nyasi, mbegu, nyasi, mbegu. Unafunga, unatoboa matundu madogo, unaning'iniza gizani. Kama mambo ni mazuri, nyuzi nyeupe zinatambaa mpaka mfuko wote unakuwa kama umejazwa pamba. Baada ya hapo unaleta mwanga, unanyunyiza maji, uyoga unatoka.

Madame alipanga mifuko sita. Majani ya mifuko mitatu ya kwanza yangepashwa moto. Ya mitatu mingine yangelowekwa tu kwenye maji ya baridi, bila kupikwa, ili darasa lione moto unafanya kazi gani. Mifuko hiyo mitatu aliikabidhi kwa kundi la Mwadi, binti mrefu wa mwaka wa tano mwenye tabia ya kuuliza swali wakati kengele inalia. Trésor, aliyeongoza kundi la moto, hakuchelewa.

— Ekipe ya kuoza! Mwadi, leta pua, yetu itabaki nyumbani.

— Cheka tu, alijibu Mwadi. Bila ya sisi, yenu haina maana.

Sikumsikiliza. Laiti ningemsikiliza.

Ijumaa mchana Madame aliniachia magunia sita ya majani, yakiwa yamekatwa, na karatasi: moja mpaka tatu, moto; nne mpaka sita, maji ya baridi tu, usipike. Aliandika wazi, na mimi najua kusoma. Nikawasha mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, nikapasha yale matatu ya kwanza ndani ya nusu ya pipa la maji, kipimajoto mkononi, kwa heshima zote. Nilipomaliza, makala yalikuwa bado mekundu. Nikatazama lile gunia la nne. Udongo. Siafu. Konokono mmoja, mzima, aliyenitazama kama mwenye nyumba.

Nikajiambia: Madame ni kijana, amenionea huruma kwa sababu makala ni machache. Lakini nami ni fundi! Kitu cha namna hii hakiingii labo ya Tata Ilunga. Nikapasha la nne, la tano na la sita, nikayachuja, nikayapoza, nikayarudisha kila moja kwenye gunia lenye namba yake, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi. Sikumwambia mtu. Niliona wema wangu ni wa kimya kimya.

Jumamosi tulipanda. Mwadi aliomba punje chache zilizobaki kwenye chupa ya kwanza, akachukua pia nyasi kavu kidogo, ajaribu na kwao.

Wiki tatu baadaye mifuko yote sita ilikuwa myeupe. Yote! Baada ya siku chache ikaanza kutoa vichwa vidogo vya kijivu kama masikio ya watoto. Prefe alikuja akazunguka meza mara mbili, akishika tumbo.

— Sita juu ya sita! Tumeokoka. Mutu asiguse kitu mpaka inspekta afike.

Trésor aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: moto hauna kazi. Madame alikunja uso, akaitazama mifuko, akanitazama, akaniuliza kama kulikuwa na shida Ijumaa ile. Nikasema hapana, yote yalikwenda salama. Na niliamini hivyo, ndiyo aibu yenyewe. Mwadi akasimama.

— Madame, hii haiko kweli. Mi nilifanya mufuko kwetu, majani yale yale, sikupika. Ilikuwa kijani, ikanuka, mama akaitupa inje.

— Mikono yako njo ilikuwa muchafu! akapiga kelele Trésor, na darasa likalipuka.

— Niliinawisha na spiriti kama hapa!

— Labda spiriti ilikataa!

Walimcheka mpaka akakaa. Kengele ikalia, wakatoka, yeye akabaki akifunga daftari polepole. Akaja mezani kwangu.

— Tata Labo, ile majani ya namba nne. Uliiona? Ilikuwa na konokono.

— Ilikuwa nayo.

— Tulipopanda haikuwa nayo tena. Nilifikiri imetoka yenyewe.

Konokono hatoki mwenyewe kwenye gunia lililofungwa. Hapo ndipo nilipoelewa ile mifuko mitatu ilikuwa ya nini. Kulinganisha! Mambo haya nilifundishwa sekondari, na nilipata alama nzuri. Nilimwambia Mwadi aende nyumbani, mvua inakuja. Hapakuwa na wingu.

Jumapili, tukila bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nilimweleza Mama Régine.

— Ulipika majani? Weye? Hapa nyumbani hata chai haupike!

— Nilikuwa nasafisha.

— Sasa utafanya je?

Nilimwambia hali ilivyo. Nikinyamaza, inspekta ataona mifuko sita mizuri, labo inabaki, wanafunzi wanabaki. Nikisema, kazi yote ni bure na chumba kinakwenda. Alinitazama akitafuna.

— Na ule mutoto mwanamuke, atabaki na mikono muchafu mpaka lini?

Sikumaliza bukari yangu, na nyumbani kwangu hiyo ni habari.

Inspekta alifika Jumanne, mtu mwembamba, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Prefe alimwonyesha mifuko kama baba anayeonyesha maharusi. Mgeni akamwuliza Trésor moto umefanya nini.

— Hakuna, Tata Inspekta. Bila moto inaota sawasawa.

— Kwa hiyo nikiwafundisha mama wa mitaani kulima bowa, niwaambie wasipoteze makala?

— Ndiyo, Tata.

Mwadi alisimama.

— Watapoteza mbegu zao, Tata. Yangu ilioza.

Darasa likaanza kunong'ona, mikono, mikono. Prefe akamkazia macho akae. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na kabati, mahali pangu pa siku zote ambapo hakuna anayeniuliza chochote. Nikatembea mpaka mbele. Zilikuwa hatua nane, safari ndefu kuliko ya Fungurume.

— Mutoto anasema kweli. Ni mi njo nilipika magunia yote sita.

Wote wakageuka kunitazama. Hata Trésor.

— Nani alikutuma? akauliza inspekta.

— Hakuna, Tata. Madame aliandika nisipike. Niliona uchafu, nikausafisha.

Prefe alifunika uso kwa kiganja. Inspekta akamgeukia Madame Ngoie, akamwuliza kazi hii sasa ina thamani gani. Nilitaka ardhi inimeze na kabati pia.

— Haina thamani, Tata Inspekta, alisema Madame, bila kutazama chini. Mpaka tuirudie. Chupa ya pili iko.

— Mimi naondoka hapa kwenda Sandoa, halafu Dilolo. Kwa njia hizi na mvua hii, nitapita tena baada ya mwezi hivi. Ripoti yangu itangoja mpaka hapo. Haitangoja zaidi.

Alipotoka, Prefe alininyang'anya kiberiti.

Tulirudia. Mimi nilikatazwa kukaribia nyasi. Niliwekwa kiti barazani, mikono juu ya magoti, na Mwadi akikaa mlangoni kunichunga.

— Tata Labo, unasimama kwenda wapi?

— Kunyoosha mugongo, mama.

— Nyoosha ukiwa umekaa.

Trésor ndiye aliyepasha moto safari hii, na Mwadi mwenyewe akamnawisha mikono kwa spiriti, kila kidole, mbele ya darasa zima, taratibu sana. Wakapanda mifuko sita mipya.

Wiki ya kwanza yote ilifanana. Ya pili, mitatu ikaendelea kuwa myeupe na mitatu ikaanza madoa ya kijani. Ya tatu, msiniombe niwaeleze vizuri, labda mnakula. Ilikuwa kijani, kisha nyeusi, ikatoa maji ya rangi ya chai na nzi wadogo. Harufu ilivuka uwanja. Darasa la jirani waliandika barua ya malalamiko, na nasikia ndiyo barua bora waliyoandika mwaka ule. Mimi nilikuwa naingia kila asubuhi, kitambaa mkononi, naangalia uozo ule juu ya meza niliyoisugua miaka thelathini, na mkono unaniwasha. Narudisha kitambaa mfukoni. Natoka. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo ya kutofanya kitu.

Ikaja habari kwamba inspekta amelala mjini, atapita saa tatu. Saa mbili na nusu Prefe alifika mbio, leso puani.

— Tata Labo! Tosha hii bitu. Haraka. Tupa nyuma ya ukuta. Tutamuonyesha ile mizuri tu.

— Hapana, Prefe.

Nadhani hakunisikia, maana katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia hapana mkuu wa shule yeyote, hata yule wa chura.

— Nimesema tosha! Inanuka!

— Inanuka, Prefe. Njo kazi yake. Madame hayuko, yuko darasani. Bila neno ya Madame, hapa hakuna mutu anasafisha kitu.

— Na mi ni nani hapa?

— Weye ni Prefe. Lakini nilisafisha mara moja, na karibu nifunge shule ya watu.

Nikafunga mlango wa labo, ufunguo nikauweka ndani ya soksi, safari hii ile niliyokuwa nimeivaa. Nikasimama mbele ya mlango. Prefe alikuwa na kilo nyingi kunishinda na hasira pia, na tulisimama hivyo, wazee wawili tukipumulia mdomo kwa sababu ya harufu, mpaka tukasikia gari.

Inspekta aliingia. Hakuitazama mifuko mizuri, iliyokuwa imejaa uyoga mpana kama sahani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mibaya, akainama, akarudi nyuma hatua moja, akainama tena. Akamwita Mwadi, akamwuliza kilichotokea. Mwadi alieleza bila daftari: kwamba nyasi zina wakazi wengi kabla ya bowa kufika, kwamba moto unawaondoa ili mbegu ipate nafasi, na kwamba bila mifuko mitatu iliyooza, mitatu iliyoota ingekuwa mapambo tu.

— Na mama wa mitaani?

— Wapashe moto, Tata. Makala kidogo inatosha. Isichemke.

Inspekta aliandika. Aliandika muda mrefu, na kalamu ilikuwa kitu pekee kilichosikika, pamoja na nzi. Mwishoni alifunga karatasi zake, akatoa leso, akamgeukia Prefe.

— Sehemu ya biolojia na kemia inabaki, alisema. Lakini kwa jina la Mungu, fungueni madirisha.